Kesi Haijaisha, Mtoto Akae Wapi?

Mwongozo wa amri za muda za mahakama kwa wazazi walioachana, Kilwa na pwani ya Lindi

Wazazi wakiachana, shauri lao halimaliziki kwa juma moja. Kuna kwenda baraza la usuluhishi, kuna wito unaomkosa mtu kwa kuwa yuko dago, kambi ya wavuvi, kuna tarehe inayosogezwa kwa sababu shahidi hakufika. Mtoto hasubiri hayo. Asubuhi ana shule, jioni ana chuo, usiku anaweza kuamka na homa. Alale kwa nani, mzazi wa pili amwone lini, madaftari anunue nani: maswali haya yanataka jibu sasa, na mahakama ina uwezo wa kulitoa kabla ya hukumu. Jibu hilo ndilo amri ya muda.

Anayeandikiwa hapa ni mzazi, bibi au mjomba anayeishi Somanga, Kivinje, Masoko, Songosongo, Pande au Mchinga, asiye na wakili na asiyejua aanzie wapi. Sheria inayoelezwa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao na mahakama zao za kadhi.

KWA NINI USINGOJE HUKUMU

Sababu kubwa ni kwamba muda unaandika hukumu yake wenyewe. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka hakimu azingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 nayo inataja haja ya malezi yasiyokatikakatika. Kwa hiyo mtoto akikaa mwaka mzima kwa bibi yake Kivinje, ana darasa, ana marafiki, ana kadi ya kliniki pale pale, hakimu atasita kumng'oa, hata kama mzazi wa pili ana hoja nzuri. Mzazi aliyenyamaza mwaka huo akidhani anadumisha amani huwa amejipunguzia nafasi bila kujua.

Sababu nyingine ni ya vitendo. Bila amri, hakuna karatasi inayosema mtoto anapaswa kuwa wapi. Ukienda Dawati la Jinsia na Watoto kulalamika kwamba mwenzako amemzuia mtoto, askari atawaita na kujaribu kuwapatanisha, na mara nyingi ataishia hapo. Ukiwa na amri yenye muhuri, hali inabadilika, kwa kuwa anayeivunja sasa anavunja neno la mahakama.

Lakini usiipe amri ya muda uzito isiokuwa nao. Haisemi nani mzazi bora. Haigawi nyumba wala shamba la mikorosho. Inaweza kubadilishwa mwezi ujao. Mzazi anayeipata na kupita mtaani akitangaza ameshinda kesi anajitafutia aibu.

KISANDUKU: YASEMWAYO BARAZANI, NA SHERIA ILIVYO

"Akifika miaka saba ni wa baba." Hapana. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema awe na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya miaka saba hakuna anayempata moja kwa moja. Hakimu hutazama maslahi ya mtoto na humsikiliza mtoto mwenyewe ikiwa umri wake unamruhusu kutoa maoni yake.

"Sheikh ameshaamua." Usuluhishi wa BAKWATA na wa masheikh una heshima yake, na makubaliano yaliyoandikwa pale ni ushahidi mzuri. Ila kadhi wa huku Bara si sehemu ya mahakama za serikali. Mwenzako akikaidi, uamuzi huo hauwezi kukaziwa mpaka upite mahakamani.

"Hatukufunga ndoa, kwa hiyo hana haki." Mtoto ana haki. Wazazi waliokaa pamoja bila ndoa, na hata wale ambao hawakuwahi kukaa pamoja, wanaweza kuomba malezi, kumwona mtoto na matunzo.

"Hatoi hela ya matumizi, basi hamwoni mtoto." Haya ni mambo mawili mbalimbali. Kumnyima mwenzako kumwona mtoto kwa sababu ya deni la matunzo ni njia ya uhakika ya kumuudhi hakimu. Na kinyume chake pia: kutomwona mtoto hakukuondolei wajibu wa kumlisha.

"Kwetu mtoto ni wa ujombani." Mila za Wamwera, Wamakonde na Wayao zinaupa upande wa mama nguvu kubwa, na sheria inaruhusu hakimu kuzitazama mila za jamii ya wazazi. Ila kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, kisha matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe.

CHAGUA MLANGO WA KUINGILIA

Mlango wa kwanza ni ndani ya shauri la ndoa. Kama unaomba talaka au kutengana, maombi ya amri ya muda yanaambatana na shauri hilo. Shida yake ni kwamba shauri la talaka linahitaji hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa inayoeleza kwamba mmeshindwa kupatana, na hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Watu wengi wa pwani hii hufika mahakamani na karatasi ya talaka aliyoandika mume, wakarudishwa wakachukue hati ya baraza. Sheria ina nafasi chache za kusamehewa hati hiyo: kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi kwenda.

Mlango wa pili hauulizi habari za talaka. Chini ya Sheria ya Mtoto, mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuomba malezi, kuomba kumwona mtoto, na kuomba matunzo. Hapa hakuna hati ya baraza. Mashauri haya husikilizwa na Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu mkazi, faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Bibi mzaa mama aliyeachiwa wajukuu huku mwanawe yuko Dar es Salaam aingie kwa mlango huu. Na kwa mzazi ambaye jambo lake la haraka ni mtoto, si ndoa, ushauri wetu ni huo huo: anza na mlango wa pili. Talaka itakuja kwa wakati wake.

Kilwa, Mahakama ya Wilaya iko Kilwa Masoko. Mahakama ya Hakimu Mkazi iko Lindi mjini. Mahakama za mwanzo nazo zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, na huko utaratibu ni mwepesi zaidi: unaweza hata kueleza dai lako kwa mdomo likaandikwa. Nenda masjala ya mahakama iliyo karibu nawe, eleza jambo lako kwa maneno machache, uulize ni mahakama ipi na ni hakimu yupi anayesikiliza mashauri ya watoto. Kuuliza hakuna ada.

HATUA KWA HATUA

1. Mweke mtoto mahali alipozoea. Kabla ya karatasi yoyote, usimnyakue. Kumchukua mtoto shuleni bila mwenzako kujua na kumpakia basi la Dar es Salaam kunaonekana mahakamani kama kulivyo. Hali pekee inayobadilisha hesabu ni hatari: kipigo, ukatili wa kingono, njaa ya kutelekezwa. Hapo mwondoe mtoto, ripoti polisi na ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, halafu mahakama. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure.

2. Pita ofisi ya ustawi wa jamii. Ipo katika halmashauri: Kilwa, Manispaa ya Lindi, Mtama. Afisa anaweza kuwaita nyote wawili, na mkikubaliana mtaandikiana. Mkishindwa, hujapoteza kitu, kwa sababu mahakama mara nyingi itamtaka afisa huyo huyo aandike taarifa ya uchunguzi kuhusu maisha ya mtoto. Ni vizuri akujue mapema kama mtu anayetafuta suluhu.

3. Tafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao ni bure kwa asiye na uwezo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri atakuelekeza waliko. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imezunguka mikoani. Ikifika kwenu usiikose.

4. Andaa hati. Katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hati zake ni tatu: hati ya maombi, ambayo mawakili huiita chemba samansi, inayosema unaomba nini, hati ya kiapo, inayosema mambo gani yametokea, na hati ya dharura, kama unataka usikilizwe upesi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo usikubali kusaini karatasi ya Kiingereza usiyoielewa.

5. Kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo kina masharti yake, na mashauri mengi hufa hapa. Andika uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Jambo uliloambiwa, mtaje aliyekuambia. Usiweke hoja za sheria, usiweke maombi, usiweke maoni yako juu ya tabia ya mkwe. "Tarehe 3 mwezi wa tatu nilimkuta mtoto peke yake nyumbani saa nne usiku" ni kiapo. "Baba yake ni mtu asiyejali" ni malalamiko, na kipengele hicho kinaweza kufutwa.

6. Sajili. Majalada siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Kama huna simu ya kufanyia hivyo, masjala itakuonyesha njia. Ada ikikushinda, omba kusamehewa kwa maandishi, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayothibitisha hali yako.

7. Hakikisha wito umefika. Kwa kawaida mahakama haitoi amri bila kumsikia mwenzako. Mpe tarishi maelezo ya maana: kitongoji, jina la mwenyekiti, namba ya simu, chombo anachovulia, dago gani yuko msimu huu. "Yuko Songosongo" haitoshi. Tarehe kuahirishwa kwa sababu wito haukumfikia mtu ndilo jambo linalokula miezi mingi kuliko yote, na wewe unaweza kulipunguza.

8. Kama kuna dharura ya kweli, omba amri ya upande mmoja. Mfano: umepata taarifa kwamba mtoto anasafirishwa kesho kwa jahazi kwenda Unguja. Hakimu anaweza kutoa amri fupi bila kumsikia mwenzako, kisha kupanga tarehe ya karibu ya kuwasikiliza wote wawili. Mahakama ina uwezo pia wa kumzuia mzazi kumtoa mtoto nje ya Tanzania Bara wakati shauri la ndoa linaendelea. Lakini ukiita dharura jambo lililoanza mwaka juzi, hakimu hatakuamini hata utakapokuwa na dharura.

HAKIMU ANAPIMA NINI

Kwa zuio la muda la aina yoyote, mahakama zetu hufuata kipimo cha Mahakama Kuu cha mwaka 1969: kuwe na jambo zito la kuamuliwa katika shauri lenyewe, kuwe na madhara yasiyoweza kufidiwa kwa fedha amri isipotolewa, na ipimwe nani ataumia zaidi, kwa amri kutoka au kutotoka. Kwa mtoto, juu ya haya yote yapo maslahi yake. Kiapo chako kijibu mambo hayo manne. Eleza umri wa kila mtoto, jinsia, shule na umbali wake, nani amekuwa akimwogesha na kumpeleka hospitali ya wilaya Kivinje akiugua, ndugu zake wako wapi. Sheria inapendelea ndugu wa tumbo moja wakae pamoja, ingawa hakimu halazimiki, na anaweza kumtazama kila mtoto peke yake.

Umaskini wako si kosa. Mama anayeuza pweza wa kukaanga na baba anayelipwa kwa mwezi wanaweza wote kuwa wazazi wazuri; mwenye kipato ataamriwa kuchangia. Kabla ya 2009, baba wa mtoto wa nje ya ndoa alidaiwa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi chini ya sheria ya zamani. Sheria ya Mtoto iliifuta, na sasa hakimu hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili na gharama ya maisha mahali anapoishi mtoto.

OMBA KITU KINACHOTEKELEZEKA HUKU KWETU

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibikia. Mtu anaomba "haki ya kumwona mtoto kwa nyakati zinazofaa", hakimu anakubali, na ugomvi unaanza upya siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila mmoja ana nyakati zake zinazofaa. Amri nzuri ni ile ambayo mtu wa tatu, mwenyekiti wa kitongoji kwa mfano, akiisoma anajua Jumamosi hii mtoto anatakiwa awe wapi na saa ngapi.

Fikiria kazi zenu. Mvuvi wa dagaa hana Jumamosi. Anafanya kazi usiku wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Akipewa kila mwisho wa wiki atavunja amri bila kukusudia. Afadhali muombe siku za mbalamwezi, halafu mtumie kalenda kuziandika kama tarehe kamili za miezi mitatu au minne ijayo, kwa sababu hakimu hataki kusoma mwezi angani. Anayekwenda dago kufuata upepo, aseme ni miezi gani hayupo, na aombe siku nyingi kwa mfululizo akirudi.

Fikiria njia. Mwezi wa tano mwaka 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, na watu wakakwama pande zote mbili. Hata bila kimbunga, kusi ikivuma chombo cha Songosongo huweza kutotoka. Amri iseme siku iliyopotea kwa ajili ya bahari au barabara inafidiwa lini na taarifa inatolewaje. Bila sentensi hiyo, mzazi aliyezuiwa na mawimbi ataitwa mkaidi.

Fikiria fedha zinakuja lini. Mkulima wa ufuta au korosho hapati mshahara. Anapata malipo baada ya mnada, kupitia chama cha ushirika cha msingi (AMCOS). Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia mwezi wa kumi. Kumwamuru alipe kiasi kikubwa kila tarehe moja ni kuandaa deni. Omba kiasi kidogo cha kila mwezi cha chakula na matibabu, na kiasi kikubwa baada ya mnada kwa ajili ya sare, michango na bima. Malipo yapitie kwenye simu, ili muamala uwe shahidi.

Na fikiria jando na unyago. Likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili ndizo nyakati za sherehe, na ndizo nyakati ambazo mtoto huwa kwa mzazi wa pili. Baba anarudishiwa kijana aliyekwisha kutahiriwa bila yeye kuambiwa. Mama anasikia kwa jirani kwamba binti yake wa miaka tisa amewekwa ndani. Ugomvi wa namna hii umewahi kuharibu mipango iliyokuwa ikienda vizuri. Uwekeni kwenye amri mapema. Vivyo hivyo Idi mbili: nani anakaa naye Idi ya kwanza, nani ya pili.

KISANDUKU: MFANO WA MAOMBI

Tuseme mama yuko Kivinje na watoto wawili, baba ni mvuvi Songosongo.

"Mwombaji anaiomba Mahakama iamuru kwamba, hadi shauri litakapoamuliwa au Mahakama itakapoelekeza vinginevyo:

(a) Watoto (majina na tarehe za kuzaliwa) waishi na mwombaji Kilwa Kivinje na waendelee na shule waliyopo.

(b) Mjibu maombi akae nao tarehe zilizoorodheshwa kwenye kiambatanisho, kuanzia saa 3 asubuhi ya siku ya kwanza hadi saa 10 alasiri ya siku ya mwisho. Makabidhiano yafanyike nyumbani kwa bibi yao mzaa baba, Kivinje.

(c) Safari ikizuiwa na bahari au barabara, taarifa itolewe kwa ujumbe wa simu kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, na siku hizo zifidiwe ndani ya wiki mbili.

(d) Mjibu maombi atume shilingi ... kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi kwa namba ya simu ... .

(e) Mzazi yeyote asimhamishe mtoto shule, asimpeleke jandoni wala unyagoni, na asimtoe nje ya Tanzania Bara, bila idhini ya maandishi ya mzazi mwenzake au ruhusa ya Mahakama."

Kama kuna historia ya kipigo, usikubali makabidhiano ya nyumba kwa nyumba. Omba yafanyike ofisi ya ustawi wa jamii, au kwa ndugu ambaye nyote mnamheshimu, na omba mzazi huyo amwone mtoto mbele ya mtu mwingine.

UKILETEWA WITO WEWE

Usiuchane, usijifiche. Soma tarehe. Tafuta msaidizi wa kisheria, andika kiapo kinzani ukijibu aya kwa aya, na upeleke pendekezo lako mwenyewe la ratiba. Hakimu aliyepewa ratiba mbili zinazotekelezeka huchagua au kuzichanganya. Aliyepewa ratiba moja na malalamiko huchagua ile moja. Kama amri ilishatolewa ukiwa hupo, itii kwanza, kisha uombe ibadilishwe au iondolewe katika mahakama ile ile. Kukimbilia rufaa hakusaidii sana, kwa kuwa maamuzi madogo ya katikati ya shauri kwa kawaida hayakatiwi rufaa.

AMRI IMETOKA

Chukua nakala zenye muhuri, zaidi ya moja. Moja abaki nayo mwalimu mkuu, moja ofisi ya mtendaji, moja ustawi wa jamii, moja ibaki kwako. Soma tarehe ya ukomo. Amri nyingine huwa na muda wake, na ikiisha bila wewe kuomba iongezwe, hakuna atakayekukumbusha.

Weka daftari. Kila kukabidhiana andika tarehe, saa, aliyekuwepo, na jambo lolote lisilo la kawaida. Sentensi moja inatosha. Ujumbe wa simu usiufute, hata ule wa matusi, na wewe usijibu tusi kwa tusi: ujumbe wako nao utasomwa mbele ya hakimu.

Mwenzako akivunja amri mara moja kwa kuchelewa saa mbili, samehe, andika daftarini. Akizoea, au akigoma kumrudisha mtoto, rudi mahakamani na maombi ya utekelezaji. Mahakama inaweza kumwadhibu anayedharau amri yake, hata kumfunga. Usiende kumchukua mtoto kwa nguvu ukifuatana na vijana, kwani hapo utakuwa umegeuza kosa lake kuwa lako.

Hali ikibadilika, amri nayo ibadilike. Umepata kazi Lindi mjini, mtoto amefaulu kwenda sekondari ya bweni, bibi aliyekuwa mlezi amefariki: peleka maombi ya kubadilisha masharti. Na mkikubaliana wenyewe jambo tofauti, liandikeni, msaini nyote, mlipeleke mahakamani liingizwe kwenye jalada. Makubaliano ya mdomo hufa mkigombana tena.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kumfundisha mtoto maneno ya kusema mbele ya hakimu. Maafisa ustawi wamewasikia watoto wengi, na mtoto wa miaka sita anayetamka "maslahi yangu bora" hujulikana alikoyatoa.

Kumfanya mtoto tarishi: "Kamwambie baba yako alete hela."

Kukubali tarehe ya mahakama kwa kusikia bila kuandika, kisha kufika siku ya pili yake.

Kuleta ukoo mzima mahakamani. Mashahidi wawili wanaojua maisha ya mtoto, mwalimu au jirani, wana uzito kuliko mashangazi kumi wanaojua ubaya wa mkwe.

KAGUA KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

□ Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti hakipo
□ Cheti cha ndoa au talaka, kama vipo. Hati ya baraza, kama unapitia mlango wa kwanza
□ Barua ya shule kuhusu mahudhurio na nani huwa anafika shuleni
□ Risiti au miamala ya simu ya matumizi ya mtoto
□ Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayothibitisha unapoishi
□ Makubaliano yoyote yaliyoandikwa kwa sheikh, padri, wazee au ustawi
□ Namba ya taarifa ya polisi (RB) na fomu namba 3 ya polisi (PF3), kama kulikuwa na kipigo
□ Maelezo kamili ya mahali alipo mwenzako na namba zake za simu
□ Ratiba unayoipendekeza, imeandikwa kwa tarehe na saa
□ Nauli ya kurudi, na ya kurudi tena tarehe ijayo

Kipengele hicho cha mwisho si mzaha. Kutoka Njinjo au Songosongo mpaka Masoko ni gharama, na wazazi wengi hupata amri ya muda kisha wakaacha kuhudhuria kwa kuwa wameshapata walichokuwa wanakitafuta. Shauri likifutwa kwa kutohudhuria, amri ya muda nayo inakufa siku hiyo hiyo.